Kumwota mama marehemu akiomba maji

Dada pole na wala usiogope. Kumwota marehemu mama anaomba maji, huku kwetu pwani wazee watakwambia moja kwa moja anataka dua, basi msomee Fatiha, ukiweza toa sadaka ya maji kabisa, maana hata Saad bin Ubada, sahaba wa Mtume, alichimba kisima kwa ajili ya mamake aliyefariki. Wachina nao mzazi akiwajia ndotoni anasikia baridi wanamchomea nguo za karatasi.

Ila Wagiriki wa kale ndo kiboko, kwao mama ni ardhi. Hippias, mtawala aliyefukuzwa Athens, mwaka 490 KK aliota amelala na mamake (ee, hivyo hivyo ulivyoelewa 😂) akajitafsiria kwamba atarudi kutawala na kufia kwao uzeeni, sasa wamefika Marathon, karibu na Athens, na jeshi la Waajemi lililokuja kuivamia, akapiga chafya jino likadondoka mchangani, tafuta wee halionekani, akasema basi, fungu langu la ardhi limeshachukuliwa na jino. Na vitani yeye na Waajemi wakapigwa.

Wanaokuambia uwatumie hela inbox wakutafsirie, block tu.