Namba ndogo ikigawanywa kwa kubwa: ushauri kwa anayeanza kuandika programu

Kila ninapokaa na mtu anayeanza, swali hili halichelewi: "Nikitaka kujua kama 17 inagawanyika kwa 30, kompyuta si itakataa? 17 ni ndogo." Haitakataa, na jibu ulilijua tangu shule ya msingi, kabla hujafundishwa desimali: 17 gawanya kwa 30 ni 0, baki 17.

Chukua mayai. Trei moja hubeba 30. Ukiwa na mayai 17, trei zilizojaa ni 0 na mayai yaliyobaki ni yaleyale 17. Kwenye Python, Java na C, alama ya % ndiyo inayotoa hilo baki, kwa hiyo 17 % 30 ni 17. Namba yoyote chanya iliyo ndogo kuliko kigawanyo chake hurudi kama ilivyo. Baki si 0, basi haigawanyiki. Naona wengi wakiandika mistari mitatu minne ya kuuliza kwanza ipi ndogo na ipi kubwa. Ifute yote, alama hiyo moja inatosha.

Kinachoumiza hasa ni kupindua mpangilio, na hapa nasema kwa yaliyonikuta. Niliandika programu ya muuza mayai mmoja, iseme "Trei zimejaa" mayai yakigawanyika kwa 30. Nikaandika:

30 % mayai == 0

Nikaijaribu kwa mayai 30, ikajibu sawasawa, nikaikabidhi. Siku chache baadaye mwenye duka akanipigia: ana mayai 15, programu inasema trei zimejaa, juzi alikuwa na 60, ikasema hazijajaa. Niliona aibu, maana alikuwa ameniamini.

Nilichoiuliza kompyuta ni kama 30 inagawanyika kwa idadi ya mayai. 15 ni kigawo cha 30, ikakubali. 60 ni kigawe cha 30, ikakataa. Nami nilijaribu kwa 30 peke yake, namba ambayo ni kigawo na pia kigawe cha yenyewe, kwa hiyo ukipindua au usipindue jibu ni lilelile. Tangu siku ile nasoma mstari kwa sauti kabla ya kuuendesha: "mayai, gawanya kwa 30, baki lake ni 0?" Kinachogawanywa hukaa kushoto. Kisha najaribu kwa 15, 17, 30, 60, na 0.

Hiyo 0 usiiruke. Kwa mstari wangu wa kwanza, Python ingesimama na kutoa hitilafu, kwani hakuna kugawanya kwa 0. Kwa mstari uliosahihishwa, 0 % 30 ni 0, na duka tupu linaambiwa trei zimejaa! Kihisabati hakuna kosa, 0 hugawanyika kwa 30. Dukani ni kosa, ndiyo maana mstari wa mwisho ukawa:

mayai > 0 and mayai % 30 == 0

Namba hasi nazo zina tabia yake. -7 % 30 ni 23 kwenye Python, lakini kwenye Java ni -7. Ukilinganisha na 0 tu, uko salama kote. Ukitafuta namba witiri kwa n % 2 == 1, Java itaikosa -3, kwa kuwa baki lake huko ni -1. Andika n % 2 != 0, yaani baki si 0.

Na hili la ndogo kugawanywa kwa kubwa lina faida yake. Ukitafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 18 na 48 kwa njia ya Euclid, kila hatua unachukua kigawanyo na baki. 18 % 48 ni 18, kwa hiyo jozi ya pili ni 48 na 18: zimejipanga zenyewe, bila wewe kuzigusa. Kisha 18 na 12, 12 na 6, 6 na 0. KKS ni 6.