Kosa liko kwenye mstari wa kugawanya

Ndugu, uthibitisho uliouleta kwamba 6 = 3 una kosa moja tu, na limefichwa vizuri. Umeanza na x = 3, ukapata x² = 3x, ukatoa 9 pande zote: x² − 9 = 3x − 9. Ukaweka mabano: (x + 3)(x − 3) = 3(x − 3). Hadi hapo hakuna tatizo. Kisha ukagawanya kila upande kwa (x − 3), ukabaki na x + 3 = 3, yaani 6 = 3. Lakini x ni 3, kwa hiyo umegawanya kwa sifuri.

Ukishuku uthibitisho wa namna hii, rudisha namba halisi kwenye kila mstari. Hapa mstari wa mabano unasema 0 = 0, kweli kabisa; unaofuata unasema 6 = 3. Hatua iliyo katikati yao ndiyo yenye kosa.

Kwa nini hairuhusiwi? Kugawanya ni kurudisha nyuma kuzidisha. 6 × 0 na 3 × 0 zote ni 0, basi ukiwa na 0 mkononi huwezi kujua ulitoka wapi. Hata Brahmagupta, mwanahisabati wa India aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628, alisema 0 ÷ 0 ni 0, jambo ambalo leo halikubaliki.

Chunga pia milinganyo ya kawaida: katika x² = 5x, ukigawanya kwa x unabaki na 5 pekee na kupoteza jibu la x = 0. Mimi hupendelea kuandika x(x − 5) = 0, ili majibu yote mawili, 0 na 5, yaonekane.