Konseli, balozi na mpagazi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara mbili. Umesema ulikwenda kubadilisha pasipoti hapo Dubai, ukaona pameandikwa Konseli Mkuu, na wenzako kwenye foleni wakabishana: mmoja akashika kwamba konseli ndiye balozi, mwengine kwamba ni karani wake tu. Umeniuliza nani mkweli. Mama yako amesomesha historia miaka mingi, basi nivumilie.

Balozi wetu yuko Abu Dhabi. Yeye ndiye anayesema na serikali ya huko kwa niaba ya nchi yetu, na hati zake za utambulisho humkabidhi mkuu wa nchi. Kazi kubwa ya konseli ni watu: pasipoti, vyeti, mabaharia, wafanyabiashara, maiti wa kurejeshwa kwao, mtu aliyewekwa ndani. Ndiyo maana utamkuta penye bandari na biashara. Wengi humwita balozi mdogo, lakini muulize aliyefiwa ugenini kama kazi hiyo ni ndogo.

Cheo chenyewe kilianzia juu kabisa. Warumi walipomfukuza mfalme wao, mwaka 509 kabla ya Kristo kwa hesabu yao wenyewe, waliweka makonseli wawili, tena kwa mwaka mmoja tu. Wawili kwa makusudi, ili mmoja aweze kulizuia jambo la mwenzake. Konseli alipopita alitanguliwa na watu 12 waliobeba mafungu ya fimbo, na mwaka uliitwa kwa majina ya wawili hao. Makaisari walipotawala, cheo kilibaki heshima tupu, mpaka Basilius, raia wa mwisho kukipata, mwaka 541. Napoleon naye alikiokota mwaka 1799, akawa Konseli wa Kwanza wa Ufaransa. Miaka mitano baadaye akajifanya Kaisari.

Konseli uliyemwona wewe ametokana na miji ya bandari ya Italia. Genoa na Pisa ziliwaita wakuu wa mji makonseli, na wafanyabiashara wao walipoweka makazi ng'ambo, wakawa na konseli wao huko wa kuwaamulia kesi. Watu wa Venice mjumbe wao wa Constantinople walimwita bailo. Waturuki wakalitamka balyoz, likashuka mpaka Ghuba, na likatufikia sisi: balozi! Na hilo bailo mzizi wake ni neno la Kilatini lenye maana ya mchukuzi wa mizigo. Kila nikilifikiria hili nafurahi. Konseli alikuwa na madaraka ya mfalme, leo yuko dirishani anagonga mihuri. Mpagazi ndiye aliyepanda akawa Mheshimiwa Balozi.

Kwetu Unguja wazee hawakuwatenganisha, konseli wa Mzungu alikuwa balozi. Wa kwanza alikuwa Mmarekani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, naye alikuwa mfanyabiashara. Waingereza walifuata mwaka 1841 na Hamerton. Baada yao akaja John Kirk, na hapo konseli hakuwa tena mtu wa vyeti. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, sultani wetu, alitiliwa vitisho vya manowari za Waingereza kuizingira Unguja, akatia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa likafungwa. Nashukuru soko lile lilifungwa, na bado naona uchungu kwamba mgeni mwenye cheo cha konseli alifikia kumwamrisha mwenye nchi.

Nyumba ya konseli nayo ina hadhi yake. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga kasri mizinga, Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani bila ridhaa yao, alikimbilia kwa konseli wa Mjerumani. Waingereza walimsubiri nje, hawakuingia. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa sana, mashua ya manowari ya Kijerumani ikasogezwa hapo hapo, akapanda bila kukanyaga ardhi ya nje, akapelekwa Dar es Salaam. Leo heshima ya ofisi hizo imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Mkataba huo huo unasema raia wa kigeni akikamatwa aambiwe kuwa ana haki konseli wake ajulishwe. Liweke hilo kichwani, na wenzako wa kwenye foleni waambie.

Sasa langu moja. Mjukuu wangu ana miezi minne na hujanambia kama ana karatasi yoyote ya Tanzania. Utakapokwenda kuchukua pasipoti, nenda naye, na cheti chake cha kuzaliwa na cha ndoa yenu, ukaulize dirishani wanataka nini zaidi.

Mama yako