Wadogo zangu wa wodini, ulizeni kabla ya kuanza

Wadogo zangu, wanafunzi wa udaktari mlioingia wodini mwaka huu, nimewaona kwenye chumba cha kumbukumbu. Laptop imefunguliwa, mafaili ya wagonjwa yamerundikwa mezani, jedwali la Excel linajaa. Nikiuliza kibali cha kamati ya maadili ya utafiti kiko wapi, naambiwa, "Tutaomba tukishaona data imekaa vizuri." Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, na najua linaishia wapi. Kwa hiyo leo naandika kuhusu fursa zenu za masomo na mambo yanayozipoteza.

1. Kibali hutangulia faili la kwanza.

Nikiwa mwaka wa nne, daktari bingwa mmoja alinipa wazo la kuwafuatilia akina mama waliopata kifafa cha mimba: walifika na presha gani, walianzishiwa dawa ya magneziamu salfeti baada ya muda gani, waliishia vipi. Swali zuri, hata leo lingefaa. Akaniagiza niandike protokali, yaani mpango wa utafiti, tuipeleke kamatini. Mimi nikatazama kalenda. Mkutano wa utafiti wa wanafunzi ulikuwa umekaribia, na kamati ilikuwa na sifa ya kuchelewa. Nikajipa hoja iliyonituliza: haya ni mafaili tu, simgusi mgonjwa, simchomi mtu sindano, nani ataumia?

Nikaanza. Jioni baada ya wodi nilikuwa najifungia na mafaili, najaza jina, umri, namba ya jalada, presha, matokeo. Ndiyo, majina kamili. Yalikaa kwenye flashi ileile niliyokuwa nawaazima wenzangu kuhamishia noti.

Data ilipokamilika nikampelekea bingwa, nikitarajia pongezi. Alilipitia jedwali taratibu, kisha akauliza namba ya kibali. Nikasema nitaomba wiki hiyo. Akanyamaza kwa muda, halafu akanieleza kwa upole ambao mpaka leo unaniumiza kuliko angenifokea. Kamati haitoi kibali kwa utafiti uliokwisha kufanyika. Tamko la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka protokali ipitiwe na kamati kabla utafiti haujaanza, na halilindi mwili wa mgonjwa peke yake. Linalinda pia taarifa zinazoweza kumtambulisha. Nikipeleka ombi huku data iko mfukoni, nitakuwa naidanganya kamati, na yeye ataweka sahihi yake kwenye uongo huo.

Nikafuta kila kitu mbele yake, na flashi pia. Abstrakti, ule muhtasari wa kazi kwa ajili ya mkutano, haikutumwa. Mkutano niliusahau mapema. Kilichobaki kinanisumbua ni kwamba baadhi ya akina mama wale walifariki. Nilichukua habari za siku zao za mwisho bila mtu yeyote kupima kama nilistahili kuzishika, na kwa haraka yangu habari hizo hazikumsaidia mama mwingine hata mmoja.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ningeliuliza mapema ningelijua: kamati nyingi zina njia fupi ya kupitia tafiti zenye hatari ndogo, kama hizi za mafaili ya nyuma, na zinaweza kuwaruhusu kutotafuta ridhaa ya kila mgonjwa iwapo mtaeleza sababu na namna mtakavyolinda siri. Andikeni protokali wakati wa likizo. Jina la mgonjwa lisiingie kwenye jedwali; mpeni namba, na ufunguo wa namba hizo ubaki kwa msimamizi. Na kama ni ripoti ya mgonjwa mmoja, ridhaa yake ya maandishi ichukuliwe angali wodini, maana akisharuhusiwa kwenda nyumbani mtamtafuta hadi mchoke.

2. Majina ya waandishi yapangwe kabla ya sentensi ya kwanza.

Nimeona marafiki wa bweni moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya nani atangulie kwenye orodha. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, ina masharti manne, na mwandishi lazima ayatimize yote: awe amechangia kwa uzito katika wazo, ukusanyaji au uchambuzi wa data, ameandika au ameihakiki rasimu kwa kina, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Rafiki aliyewaazima laptop si mwandishi. Mshukuruni kwenye shukrani, atafurahi. Lakini pia mkuu wa idara ambaye hakuisoma kazi si mwandishi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu hakuna mwaka wa tatu atakayemwambia hivyo. Mwombeni msimamizi aliseme jambo hilo kwenye kikao cha kwanza, majina yaandikwe, kila mtu abaki na nakala.

3. Barua pepe inayokuita "Profesa mashuhuri" ukiwa mwaka wa tatu, ikikuahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache kwa malipo, ifute.

4. Makala za kusoma bure zipo.

PubMed Central, hazina ya makala za tiba mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu. Chuo kikiwa katika nchi yenye kipato kidogo, muulize mkutubi kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 wa kuvifungulia vyuo kama hivyo majarida ya tiba. Nywila ya chuo kwa kawaida iko kwake. Nimewahi kuona darasa zima likilalamika kwamba makala zinauzwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia maktaba kuuliza.

5. Mafunzo ya nje yanaombwa mapema sana.

IFMSA, shirikisho la vyama vya wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, lina programu za kubadilishana wanafunzi za aina mbili, wodini na kwenye utafiti, kwa kawaida za wiki nne. Mnaomba kupitia chama chenu cha kitaifa. Barua ya mapendekezo muombeni mwalimu aliyewaona mkifanya kazi, si yule mwenye cheo kikubwa asiyewajua, na mumpe muda pamoja na karatasi moja inayomkumbusha mlifanya nini kwake.

6. Kusaidiwa nako kunaombwa kabla.

Mwenzetu mmoja, hodari kuliko wengi wetu, alifiwa na mama yake karibu na mitihani ya patholojia. Hakumwambia mtu. Aliingia, akaandika, akafeli, ndipo akaenda ofisini na cheti cha kifo. Wakamhurumia kwa dhati, lakini kanuni za chuo zilitaka ombi la kuahirisha liletwe kabla ya mtihani, na kwa kuwa alikwisha kuufanya, alama zilibaki. Alirudia mwaka. Someni ukurasa wa kuahirisha mitihani kwenye kitabu cha kanuni wiki hii mkiwa wazima, na mumjue mshauri wa wanafunzi kwa sura na mlango wake ulipo. Na usingizi ukikupotea, au ukiona huwezi tena kuingia wodini bila kulia, usingoje matokeo. Nenda siku hiyohiyo, na kama miguu inakuwa mizito, niambie twende wote.