Kijana wa Miaka 19 Kizimbani: Maswali Yenu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wazazi na ndugu, na karibu zote zinauliza jambo moja: kijana aliyevuka miaka 18 juzi tu, mbona mahakama inamhesabu sawa na mtu wa miaka 40? Nimejibu nilizoweza.

SWALI: Mwaka jana kijana wa jirani, miaka 17, alishtakiwa kwa kuiba simu, kesi ikaenda Mahakama ya Watoto na sasa amerudi shule. Wangu ana miaka 18 na miezi miwili. Kosa ni kama lile lile, lakini yuko rumande na watu wazima. Mbona? – Mama mzazi, Likoni

JIBU: Pole sana, mama. Kilichowatenganisha ni tarehe ya kuzaliwa, basi. Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18: ana mahakama yake, na hawezi kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Sheria hiyo ndiyo iliyopandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ilifanya vyema. Lakini ulinzi huo wote unakatika siku mtoto anapotimiza miaka 18.

Kinachoniuma ni kwamba Katiba yetu, kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 18 hadi asiyefika 35, na kifungu cha 55 kinaiagiza serikali imwezeshe kupata elimu na kazi. Mikopo na zabuni zikigawiwa, kijana huyo anaonekana. Akipanda kizimbani, haonekani tena.

Kwa sasa, ikiwa dhamana aliyowekewa hamuiwezi, msinyamaze. Ombeni hakimu aipunguze. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza. Tena andika tarehe aliyokamatwa. Akija kufungwa, siku za rumande lazima zizingatiwe. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinasema hivyo. Wakisahau, wakumbushe.

SWALI: Ina maana hakuna chochote katika sheria zetu kinachomtazama kijana kama kijana? – Mwalimu, Voi

JIBU: Kipo, mwalimu, ila wanaostahili hawajui kukiomba. Sheria ya Probesheni, Sura ya 64, inamruhusu hakimu kumweka mtu chini ya uangalizi kwa miezi 6 hadi miaka 3 badala ya kumfunga. Katika mambo anayotakiwa kuyapima, ujana umetajwa kabla hata ya tabia na mazingira ya nyumbani. Hakimu wa mahakama ya chini anaweza kutoa amri hiyo hata bila kumtia mtu hatiani. Ipo pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3: mchana kijana anafanya kazi ya umma bila malipo, usiku analala kwao. Na Kamiti kuna kituo cha kurekebisha vijana wa miaka 17 hadi 20, wanaokaa huko miezi 4.

Mlango wa haya yote ni ripoti ya afisa wa probesheni, na hapa wazazi wengi hupoteza nafasi. Afisa anakuja nyumbani. Anauliza kijana analala wapi, akiamka anakwenda wapi, shule aliiacha kwa kukosa karo au kwa utoro. Anamwona chifu, anaongea na jirani, anamtafuta aliyeibiwa amuulize anataka nini. Sentensi moja inaweza kumwokoa: mjomba ana gereji, na yuko tayari kumpokea Jumatatu. Afisa akikuta mlango umefungwa na jirani hataki kujihusisha, ripoti inarudi mahakamani tupu. Kwa hiyo mpigieni simu kabla hajaja, na huyo mjomba awepo. Kama ningekuwa mbunge, ningeanza na kifungu kimoja tu: asifungwe mtu yeyote aliye chini ya miaka 25 kabla hakimu hajasoma ripoti hiyo.

SWALI: Mdogo wangu aliambiwa kituoni akubali kosa ili aende nyumbani. Alikubali. Hakwenda nyumbani. – Dada mtu, Kisumu

JIBU: Nasikitika, dada, maana hadithi hii naisikia mno. Mashtaka yakishasomwa, mshtakiwa anaulizwa: ni kweli au si kweli? Kijana aliyelala seli, ana njaa na anaogopa, anajibu "ni kweli" kwa sababu anataka yaishe. Hapo bado kuna kinga. Mwendesha mashtaka lazima asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa aulizwe kama ni sahihi. Akisema, "Simu nilikuwa nayo, lakini nilipewa, sikujua ni ya wizi," hajakiri huyo, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Hata aliyekiri anaweza kuomba kubadilisha jibu kabla ya hukumu kutolewa. Kama mdogo wako hajahukumiwa, aombe hivyo siku ya kutajwa kesi. Kama ameshahukumiwa, rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Tafuteni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, leo hii.

SWALI: Mnawatetea wahuni. Mimi niliibiwa ng'ombe na vijana hao hao. – Mzee, Kitale

JIBU: Mzee wangu, hasara yako naiheshimu, na sisemi waachwe. Ujerumani, tangu 1953, kijana wa miaka 18 hadi 20 anahukumiwa na mahakama ya vijana. Majaji wanapima: siku ya tukio akili yake ilikuwa bado ya kitoto? Kosa lenyewe ni la kiujana? Ikiwa ndivyo, wanatumia sheria ya vijana, na kifungo kinaweza kufika miaka 10, au 15 kwa mauaji mabaya zaidi. Hiyo si huruma ya bure. Uholanzi nayo, tangu 2014, inaruhusu jambo kama hilo hadi kabla ya miaka 23.

Wanafanya hivyo kwa sababu uhalifu hupanda katika ujana, hufika kilele mwishoni mwa utineja au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, kisha wengi huacha wanapopata kazi na familia. Uwezo wa ubongo kuzuia pupa nao unaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Ukimfunga miaka 7 katika kipindi hicho pamoja na majambazi sugu, unamnyima kazi ile na familia ile ambazo zingemtuliza. Na ng'ombe wako hawarudi. Mwambie mwendesha mashtaka aiombe mahakama iamuru ulipwe fidia. Kanuni ya Adhabu inaruhusu.

SWALI: Mpwa wangu ana miaka 19. Mpenzi wake ni wa miaka 17, na baba wa msichana ameshtaki. Atafungwa? – Shangazi, Embu

JIBU: Shangazi, hii ni kesi nzito. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, msichana akiwa na miaka 16 au 17 kifungo hakipungui miaka 15, na ridhaa yake haihesabiki. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema waziwazi kwamba nchi inapaswa kulijadili suala la vijana wanaofungwa hivi. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasisitiza kuwa vifungo vya chini vilivyowekwa na sheria hiyo vinasimama. Basi mwenye uwezo wa kubadilisha ni Bunge. Sitaki sheria hii ilegezwe kwa mwanamume wa miaka 40 anayemvizia mwanafunzi. Iliwekwa kwa ajili yake, na wasichana wetu wanaihitaji. Vijana wanaopishana miaka miwili wanahitaji kifungu chao. Mtafutie wakili kabla hajajibu lolote.

SWALI: Na huku Tanzania? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mstari ni ule ule wa miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Mnayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, na hapo kwenu Wami kuna gereza la vijana. Lakini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo ni miaka isiyopungua 30, na hakimu hana namna ya kumpunguzia wa miaka 19.

SWALI: Nilimaliza kifungo cha nje nikiwa na miaka 20. Sasa nina 24, na kila mwajiri anataka cheti cha tabia njema. Nifanye nini? – Fundi umeme, Thika

JIBU: Ndugu, Uingereza tangu 1974 ina sheria inayolifanya kosa la zamani lihesabike limekwisha baada ya muda fulani. Kijana wa hapa anastahili hiyo hiyo, na mbunge wako aulizwe. Kwa sasa nenda masjala ya mahakama iliyokuhukumu, omba nakala iliyothibitishwa ya amri yako ya probesheni, uone kama ulitiwa hatiani au uliwekwa chini ya uangalizi bila kutiwa hatiani. Ikiwa ni hili la pili, ambatanisha nakala hiyo na ombi lako la cheti, na nyingine mpe mwajiri. Afisa aliyekusimamia pia mwombe barua inayosema ulimaliza muda wako bila tatizo.