Ukiandika "race" unaletewa farasi

SWALI: Nasomea uuguzi hapa Ohio. Insha yangu inahusu rangi ya mgonjwa na upimaji wa figo Marekani. Niliandika sentensi nzima kwenye PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, sikupata kitu. Nikaandika "race" tupu, zikaja makala hadi za mbio za farasi. Nakosea wapi?

JIBU: Pole dada, hao farasi tunawajua sana hapa maktaba. PubMed haijui wewe unakusudia maana ipi, na "race" ni mbio, ni rangi, tena ni jina fupi la mbinu moja ya maabara za jeni. Usithubutu kuweka kinyota, race*, maana wataingia na wanakemia na "racemic" yao.

Vunja swali vipande, kila kimoja ukitafute peke yake. Cha kwanza, kasi ya figo kuchuja damu inavyokadiriwa: eGFR OR "glomerular filtration rate". Cha pili: "race coefficient" OR "race correction" OR "race-based" OR "race-free". Kisha fungua Advanced, utaona kila utafutaji una namba yake. Andika #1 AND #2. Farasi kwisha.

Ongeza lebo za MeSH, zile za mada zinazobandikwa kwenye makala na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ya Wamarekani Weusi siku hizi ni "Black or African American". Zamani ilikuwa "African Americans". Ila usitegemee lebo peke yake. Makala ya juzi huenda bado haijabandikwa, ndiyo maana tunatafuta kwa lebo na kwa maneno ya kawaida pia.

Sasa mwaka. Kwa mada yako, 2021 ndio mpaka. Kanuni ya CKD-EPI ya 2009, yaani hesabu ya kukadiria eGFR, ilizidisha jibu la mgonjwa Mweusi kwa 1.159. Chukua mtu mwenye eGFR ya 18: akiwa Mweusi, karatasi iliandika karibu 21. Marekani, asiye kwenye dialisisi huanza kuhesabiwa muda wa foleni ya kupandikizwa figo akifika 20 au chini, kwa hiyo muda wa huyu haukuhesabiwa kwa sababu ya kizidisho tu. Kanuni ya 2021 iliondoa kizidisho hicho. Makala za kabla zinabishana kama kifutwe. Za baadaye zinapima kilichobadilika. Tafuta mara mbili, kabla na baada, usizichanganye kwenye aya moja.

Kwa kuwa unasomea uuguzi, pita CINAHL pia, hifadhidata ya makala za uuguzi. Lebo zake ni nyingine, usinakili za MeSH.

Ukishazipata, usikimbilie hitimisho. Mimi huanza na sehemu ya mbinu, natafuta jambo moja: rangi ya mgonjwa iliandikwaje? Alijitaja mwenyewe, au karani wa mapokezi alimtazama akajaza? Makala isiyosema hilo naiweka pembeni kwanza, hata kama jarida ni kubwa.