Njia ya Kisima: Niliyojifunza Mbele ya Baraza la Wazee

Juma lililopita dada mmoja wa upande wa Likoni aliniandikia kwamba wazee wa mtaa wao wamekataa mara mbili kusikiliza malalamiko ya vijana kuhusu taka zinazotupwa kando ya maziara. Aliniuliza afanye nini, na kama kuna haja yoyote ya kuendelea kuhudhuria baraza la watu walioziba masikio. Barua yake ilinikuta siku ya tatu tangu seng'enge iliyofunga njia ya kisima chetu ing'olewe, nikaona nimjibu kwa kueleza yaliyonifika mimi, kwa sababu nami nilikataliwa, tena kwa aibu, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu.

Kijiji chetu kiko Kisauni ya ndani, huko ambako minazi na mihogo bado ni mingi kuliko nyumba za mawe. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kando ya mto Sabaki, na kwetu huja kwa nadra, kwa hiyo kisima walichotuachia wazee wetu ndicho tunachokitegemea. Njia ya kukiendea ilipita katikati ya shamba ambalo miaka minne iliyopita liliuzwa kwa mtu mgeni. Alisimamisha nguzo za zege, akavuta nyaya tano za seng'enge, na tangu siku hiyo kina mama wakawa wanazunguka kwa nyuma, kupitia bonde la matope, na dumu la lita 20 kichwani. Mama yangu aliteleza hapo wakati wa masika, akateguka kifundo cha mguu. Habari zilinikuta kazini kisiwani, ambako mimi ni karani wa uwakala wa forodha, na nilipanda matatu ya kurudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na baraza chini ya mwembe, naibu wa chifu akiwapo. Kikao kilifunguliwa kwa Fatiha, na kabla mzee wa kijiji hajamaliza kutaja mambo ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha simama. Nilisema kwa muda mrefu. Nilitaja Katiba ya 2010, nikataja haki ya maji safi iliyomo katika ibara ya 43, na mwisho nikasema mbele ya watu wote kwamba pasingekuwa na bahasha, uzio ule usingekuwapo. Sikuwa na ushahidi wowote wa bahasha.

Wazee hawakunijibu. Mkubwa wao aliegemea bakora yake ya mtobwe, akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, tumekusikia," kisha akaita shauri jingine, la mbuzi waliokula mihogo ya jirani. Shauri la mbuzi lilichukua saa nzima. Niliketi pale na karatasi zangu mapajani, na hadi leo nikiuona mwembe ule uso wangu huwaka.

Jioni yake bibi mmoja jirani alikuja kumjulia hali mama. Nilipomwamkia, alinishika mkono, asiuachie. "Mwanangu, ulisema kweli, lakini uliisema kama mtu anayedai deni," akaniambia. "Umewaita wazee wezi mbele ya wajukuu wao. Sasa wakikukubalia, si watakuwa wamekiri wizi?"

Nilikwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba, nikifuatana na ami yangu. Hili ndilo la kwanza ninalomwambia dada wa Likoni, nami najua halitampendeza: kama katika zile mara mbili mlisema neno lililowavunjia wazee heshima, anzeni hapo, na muanze kwa kuketi nao majumbani mwao kabla ya siku ya baraza.

Miezi mingi iliyofuata ilikuwa ya kwenda na kurudi, na sioni faida ya kuisimulia. Mambo yaligeuka tulipoanza kuandika. Pwani yetu ina shida yake: tangu sheria ya hatimiliki ya 1908, watu wengi wamezaliwa na kuzikwa juu ya ardhi ambayo karatasi zake zina jina la mtu mwingine, na hutokea mnazi ukawa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine. Njia na mipaka ya namna hiyo imo vichwani mwa wazee, na mzee akifa imekwenda naye. Asubuhi moja wazee watatu walinichukua, wakaniongoza mti kwa mti kando ya ule uzio. Walinionyesha mnazi wenye makovu matatu ya panga shinani, yaliyotiwa kuwa alama, kisha jiwe lililolika kati kwa kunolewa majembe, kisha mkwaju ambao wachota maji walikuwa wakipumzika chini yake. Mzee mkubwa alisema alichota maji hapo akiwa mtoto, kabla ya uhuru. Niliandika kila walichosema, nikawasomea, wakanirekebisha, wakatia saini, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba. Zilikuwa kurasa nne.

Kurasa hizo zina uzito kuliko kelele zangu zote. Ibara ya 159 ya Katiba inazitaka mahakama zihimize njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na ibara ya 67 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuhimiza njia hizo katika migogoro ya ardhi. Tena sheria ya ukomo wa madai inatambua haki ya njia iliyotumiwa waziwazi kwa miaka 20 bila kukatizwa. Bila maandishi, ushahidi wa miaka hiyo ni maneno ya watu tu.

Mwenye shamba alipoitwa na kusomewa, hakubishana. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba palikuwa na njia. Niliinamisha kichwa, kwani kwa muda wote ule sikuwa nimekwenda hata siku moja kubisha hodi kwake. Tulikubaliana njia ya futi 6, yeye asogeze nguzo, sisi tuchimbe mashimo mapya. Ijumaa, baada ya sala, vijana walikuja na sururu, na kabla ya magharibi kazi ilikwisha. Katika shukrani walitajwa wazee, akatajwa naibu wa chifu, akatajwa mwenye shamba. Jina langu halikutajwa. Niliumia, na nitakuwa mwongo nikikana.

Wengi mnaonisoma mna hamu kama niliyo nayo, ya kuiona siku ambayo mtaongoza wadi zenu. Basi jueni kwanza nani anashughulika na nini. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali ya taifa. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza baraza la kijiji lenye wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5, ambalo kazi yake ni kuwashirikisha wakazi katika utawala na kumshauri msimamizi wa wadi. Andikeni, na pelekeni maandishi mahali panapohusika, kwa wakati wake. Sisi tuliomba mfuniko wa kisima mwezi wa Mei, tukaambiwa tumechelewa, kwa kuwa makadirio ya bajeti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka, unaoitangulia bajeti hiyo, kufikia 1 Septemba iliyotangulia. Mwaka huu barua yetu ilipigwa mhuri mwezi wa Julai.

Nalo jambo moja nitalisema bila kulainisha. Heshima kwa wazee haina maana ya kuwapelekea kila kitu. Mtoto akinajisiwa, shauri hilo ni la polisi na hospitali siku hiyo hiyo, chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na anayekubali mbuzi wa suluhu katika jambo hilo anamdhulumu mtoto mara ya pili. Ibara ile ile ya 159 inakataza njia za jadi zinazovunja haki za binadamu. Nimeona watu wema wakinyamaza hapo kwa kuwaogopa wazee, nami sitanyamaza.

Dada yangu wa Likoni, kuondoa taka na kusimamia maziara yote mawili ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo barua yako ni ya msimamizi wa wadi. Lakini usiipeleke kabla wazee hawajatia saini zao, maana wao ndio wanaojua maziara yanaishia wapi. Waombe wakutembeze mpakani asubuhi, jua halijawa kali, na uchukue daftari. Nakala ya kurasa zetu nne nitakutumia uone tulivyozipanga.